Kiingilio

Kila Alhamisi mpwa wangu huniletea simu yake nione filamu mpya zinazoingia kwenye majumba ya sinema wiki hiyo. Ana miaka 13 na anazijua zote kabla hazijafika. Orodha yenyewe haibadiliki sana: moja ya mashujaa wanaoruka angani, moja ya katuni, moja ya Kihindi, moja ya kutisha, na mara mojamoja, huko chini kabisa, moja ya kwetu. Wiki iliyopita alikuwa amekwisha kuchagua yake. Lakini kabla sijasema lolote kuhusu hela, aliniuliza, "Mjomba, twende sinema au tusubiri ifike kwa Babu?"

Babu anayemsema ni baba yangu mdogo, mwenye kibanda umiza huko Mbagala. Siku hizi kibanda kinaishi kwa mpira wa Ulaya zaidi kuliko filamu, lakini siku zisizo na mechi bado kuna ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki: MPYA, IMETAFSIRIWA, SAA 2 USIKU. Tiketi mbili za sinema mjini, pamoja na bisi na nauli, hazipungui shilingi 35,000. Kwa Babu kiingilio ni shilingi 500, na mjukuu haingii kwa hela.

Nilitaka kumjibu palepale kwamba filamu za kwa Babu ni za wizi, hazilipiwi. Neno lilifika kooni likakwama. Nilimwambia nitafikiria, akaondoka akidhani nafikiria hela.

Kilichonikwamisha ni hiki. Baba yangu alipunguzwa kazi kiwandani nikiwa kidato cha pili. Kuanzia hapo hadi namaliza kidato cha nne, ada yangu, sare zangu na nauli ya daladala vilitoka kwenye kopo la maziwa lililokaa mlangoni pa kibanda cha Baba Mdogo. Najua kwa sababu aliyelishika kopo hilo jioni nyingi nilikuwa mimi.

Aliyekulia Dar es Salaam miaka ile atakikumbuka kibanda kama kile hata kama hakuwahi kufika chetu. Kuta za mabati, turubai juu, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, sakafu ya mchanga ambayo niliimwagia maji saa kumi ili vumbi lisitimke. Mbele, juu ya kabati lenye kufuli, televisheni ya inchi 21 na deki chini yake. Nyuma, jenereta. Jina la kibanda umiza halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyekaa saa mbili na nusu kwenye ubao wa inchi sita huku goti la jirani likimchoma mgongoni. Mjini majumba ya sinema ya zamani, Empress, Avalon, Empire, Odeon, yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine au kugeuzwa matumizi. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973. Sisi Bara tulisubiri hadi 1994, na hata baada ya hapo seti yenyewe ilikuwa mali ya wachache. Kwa mtaa wetu, kibanda ndicho kilikuwa sinema, na filamu ilikuwa mpya siku ilipoandikwa kwenye ubao, hata kama Marekani ilikuwa na umri wa miaka kumi.

Na ilikuwa na mtafsiri. Wetu alikuwa kijana aliyeishia kidato cha pili, mwenye kipaza sauti na Kiingereza cha kubahatisha. Alichokielewa alikitafsiri, asichokielewa alikitunga. Jambazi mkuu alipewa jina la mwenye nyumba fulani mkorofi. Magari yakifukuzana New York, yeye aliyapitisha Mtaa wa Kongo, yakakata kona Msimbazi, na sote tulijua ni wapi yatakwama. Mtoto akilia kwa kuogopa, mtafsiri alisimamisha kazi kumtuliza: stelingi hafi, mwanangu, tulia. Wenzake wa kazi hiyo walikuwa na majina makubwa. Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kanda zilizobeba sauti yake, na Kenya hadi leo kuna watu wanaomtaja DJ Afro kabla ya kumtaja mwigizaji yeyote wa filamu aliyoitangaza.

Kwa hiyo Arnold Schwarzenegger, Jet Li na Amitabh Bachchan wamenisomesha, bila kujua na bila kuulizwa. Ndiyo maana neno wizi lilinikwama. Si kwamba sikuamini. Ni kwamba sikujua nina haki gani ya kulitamka.

Kisheria hakuna cha kubishania. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuonyesha filamu hadharani kwa kiingilio bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa. Lakini sheria inaniambia nini kitanipata nikikamatwa. Hainiambii nimemkosea nani, wala kwa kiasi gani, na hilo ndilo ninalolitafuta.

Kuna hoja ambayo kwa miaka mingi niliitumia kujipoza. Ukila mkate wangu, mimi nabaki na njaa. Ukitazama filamu yangu, filamu bado ninayo. Wale watu 60 waliobanana kwenye mabenchi yetu hawakuwa na hela ya tiketi ya mjini, hawakuwa nayo jana na wasingekuwa nayo kesho. Hakuna tiketi hata moja ambayo haikununuliwa kwa sababu yetu. Basi aliyepoteza ni nani?

Niliiona nguvu ya hoja hiyo Februari 2018, Black Panther ilipotoka. Kila mtu aliizungumzia. Kisumu walifanya uzinduzi, maana Lupita Nyong'o ni mtoto wa kwao. Hapa Dar ilianza kwenye majumba ya sinema na foleni zikawa ndefu. Siku chache baadaye ilikuwa kwenye ubao wa Baba Mdogo. Nakala yenyewe ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi fulani duniani, imepinda upande, na katikati ya vita kichwa cha mtu kilinyanyuka, kikapita mbele ya pazia kwenda chooni. Kibanda kizima kilicheka. Dakika kumi baadaye kichwa kilirudi, kikashangiliwa kuliko mfalme wa Wakanda. Niliwatazama watoto wa mtaani kwetu wakiangalia nchi ya Kiafrika isiyomwomba mtu kitu, nikajiambia: kama huu ni uovu, nionyesheni aliyeumia.

Sasa naona tatizo la hoja hiyo. Haisemi lolote kuhusu mwenye filamu. Inasema kuhusu mtazamaji tu, kwamba ni maskini na asingelipa. Kwa hiyo inamruhusu kumtazama bure yeyote yule, kampuni yenye mabilioni au jirani yako aliyeuza kiwanja, maana mfuko wa mtazamaji ni uleule. Nami niliendelea kuiamini hadi zamu ya jirani ilipofika.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari. Simtaji jina, na filamu yake siitaji, kwa kuwa hajaniruhusu. Alitengeneza filamu moja kwa miaka mitatu. Alianza na akiba, akaendelea na mkopo, akamalizia na kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake huko Chanika. Waigizaji wengi walikubali kulipwa baadaye. Mimi nilisaidia kusahihisha mazungumzo na kubeba taa. Ilipokamilika, alipata wiki moja kwenye ukumbi wa mjini, kwa makubaliano ya kugawana mapato ya mlangoni. Nilikuwepo Ijumaa ya kwanza. Tulikuwa watu 11, na sita kati yetu tulionekana ndani ya filamu au tuliibeba. Alhamisi iliyofuata orodha mpya ilitoka na jina lake halikuwemo.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Mbagala kumsalimia Baba Mdogo, nikakuta jina la filamu ile kwenye ubao, kwa chaki, herufi kubwa. MPYA. YA KWETU. HAIHITAJI TAFSIRI.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake mlangoni, kopo mapajani.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Leo nimeleta ya kwetu. Watu wanaisifu."

Nilimuuliza kaipata wapi. Akasema kijana mmoja wa kuuza nakala kamwekea kwenye flashi, pamoja na nyingine tisa, kwa shilingi 5,000. Nikamwambia mwenye filamu ni rafiki yangu, namdai hata mimi, na anadaiwa na benki. Nilisema mengi, na sauti yangu ilipanda kuliko inavyoruhusiwa mbele ya mkubwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, polepole, bila hasira:

"Na wale Wahindi na Wachina waliokulipia ada, wao hawakuwa na benki?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa, na sikuwahi kufikiria kwamba methali ile inaweza kusubiri miaka kumi na tano kisha ikatimia kwa rafiki wa mtu.

Nilimweleza rafiki yangu mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mwingine. Nilidhani atataka kwenda polisi. Alitaka kwenda kibandani. Tulikwenda usiku wa pili wa maonyesho, tukalipa 500 kila mmoja, tukakaa benchi la nyuma. Kibanda kilijaa. Pale ambapo ukumbi wa mjini ulikuwa kimya, watu wa Mbagala walicheka. Mama mkwe alipoficha ufunguo, mwanamke mmoja mbele yetu alimkemea kwa sauti kama anayemjua. Mwishoni, baba anaporudi na kukuta nyumba imeuzwa, nilisikia watu wakivuta pumzi, na mzee mmoja akasema "Laa ilaha" polepole. Nilimtazama rafiki yangu gizani. Alikuwa analia, na nikafikiri nimeelewa: kapata watazamaji wake, yote yamesameheka.

Nilikuwa nimeelewa nusu. Tukitembea kuelekea kituoni alisema amefurahi, kwamba hajawahi kufurahi hivyo tangu aanze kazi hii, na kwamba furaha hailipi mkopo. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa hadi leo. "Namba yangu iko mwisho wa filamu. Kubwa kabisa, sekunde kumi. Angenipigia tu. Ningempa bure."

Nilifikiri sana kuhusu maneno hayo, kwa sababu yanavunja namna zote mbili nilizozoea kulipima jambo hili. Kama kosa lingekuwa hela tu, mtu aliye tayari kutoa bure asingekuwa na malalamiko. Na kama kutokuwepo kwa hasara kungetosha kuhalalisha, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukubali kwamba usiku ule hakupoteza kitu; alipata. Bado alikuwa ameumizwa. Ameumizwa na nini?

Kwetu kuna neno lake, na ni dogo. Hodi. Mlango wa jirani unaweza kuwa wazi, unaweza kujua hakika kwamba atakukaribisha na kukupa chai, na huna nia ya kuchukua hata kijiko. Bado husemi "najua angekubali" ukaingia. Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja. Anayeingia kimyakimya hajaiba, lakini amemfanya mwenye nyumba kuwa si mwenye nyumba. Amemwondolea nafasi ya kusema karibu. Hiki ndicho rafiki yangu alichonyang'anywa: uwezo wa kutoa. Kitu kilichochukuliwa hakiwezi tena kutolewa zawadi, hata kama moyo ulikuwa tayari.

Nikilipima jambo kwa hodi, mizigo inagawanyika vizuri zaidi. Hodi ina pande mbili. Mgeni anawajibika kubisha, na mwenye nyumba anawajibika kuwa na mlango ambapo sauti inasikika. Baba Mdogo wa mwaka 1999, angetaka kuomba ruhusa ya kuonyesha Commando, angembishia nani? Kwa lugha gani, kwa simu ipi? Walioimiliki hawakujenga mlango wowote upande wetu wa dunia, wala hawakukusudia kutuuzia. Sisemi hilo linamfanya asiye na kosa. Kuruka ukuta wa nyumba isiyo na mlango bado ni kuruka ukuta. Lakini si sawa na kupita pembeni ya mtu aliyesimama mlangoni, namba yake mkononi, akingoja kuitwa. Nilipokuwa nadhani kosa ni dogo kwa sababu Hollywood ni tajiri, nilikuwa nakosea sababu. Utajiri wa mtu haupunguzi haki yake. Kinachobadilika ni kama alikuwa wa kufikika.

Na lawama ya upande wa pili nayo ipo. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela kwa bei ambayo wao hawawezi kushindana nayo. Watu wengi waliwajibu kwa kejeli, kwamba watengeneze kwanza filamu nzuri. Nilikasirika kwa niaba ya wasanii. Lakini hata mimi nilijiuliza filamu nzuri zikitengenezwa, Mbagala itaziona wapi. Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ni ya Kiswahili, ya Zanzibar, juu ya historia yetu, nayo ilionyeshwa Toronto Septemba 2021 kabla ya kufika kwenye kumbi zetu. Sielekezi lawama, najua filamu ndogo hupata jina na riziki kwenye matamasha. Nasema tu kwamba kumbi zetu zenyewe ni chache na ziko kwenye maduka makubwa, ambako mtu wa kibanda umiza akiingia mlinzi humfuata kwa macho. Rafiki yangu alipeleka filamu yake huko kwa sababu huko ndiko kunakoitwa sinema. Hakuwahi kuwaza kumpigia Baba Mdogo. Yeye naye hakubisha hodi.

Kuna mahali pande hizo mbili zilikutana. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa vifaa vya kuungaunga na majirani kama waigizaji. Nakala iliyosambaa duniani ina sauti ya VJ Emmie juu yake, mtangazaji wa vibandani, akitania, akishangilia, akiwasifu makomando. Sauti ambayo kwingine ilipachikwa juu ya kazi za watu bila idhini, hapo imekaribishwa ndani, na hakuna anayeweza kuifikiria filamu ile bila hiyo. Kilichotofautisha ni kuulizwa tu.

Linabaki deni langu. Siwezi kulilipa kwa wanaodai; siwajui wote, na barua yangu kwa studio ya Hong Kong ingekuwa kichekesho. Siwezi pia kulifuta kwa kumlaani aliyenisomesha. Nimefika hapa: mtu aliyekula bila kuuliza, alipokuwa hana uwezo wa kuuliza, anadaiwa kuuliza mara mbili siku uwezo unapopatikana. Kwa hiyo filamu ya kwetu ikitokea chini kabisa ya orodha, nalipa. Hata kama siipendi sura yake, nalipa tiketi mbili na kuchukua mtu. Hili halinifanyi mwema. Linanifanya mtu anayepunguza deni kwa awamu.

Mpwa wangu nilimjibu Ijumaa. Nilimwambia tutakwenda sinema, na nikamweleza kwa nini, pamoja na habari ya kopo la maziwa, ambayo hakuwahi kuisikia. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Kwa hiyo Babu ni mwizi?" Nikasema Babu ni mtu ambaye hakupiga hodi, na aliyenisomesha, na kwamba vyote viwili ni kweli na hakuna kinachofuta kingine. Sijui kama alielewa. Tulikwenda Jumamosi. Ukumbi ulikuwa na baridi na viti laini, na katikati ya filamu aliniinamia sikioni: "Mjomba, huku hakuna anayecheka kwa sauti."

Mwezi uliopita Baba Mdogo alinipigia simu usiku. Tangu siku ile ya ugomvi hatukuwahi kulirudia jambo lenyewe. Tulisalimiana, tukaulizana afya. Alizunguka kwanza, mvua, bei ya mafuta ya jenereta, mguu unaomsumbua. Kisha akasema, "Yule rafiki yako wa filamu. Muulize kama ana nyingine. Watu bado wanaiulizia. Mwambie safari hii nauliza mapema, tukubaliane."

Nilikaa na simu sikioni. Rafiki yangu siku hizi anapiga video za harusi, na bado analipa mkopo. Nilimjibu Baba Mdogo kwamba hana nyingine.